Majani ya Bure Getini

Maji yalikuwa safi. Nalitanguliza hilo mapema, asije akatokea mtu akasema nilikichukia kiwanda, au nilimwonea kijicho Meneja, au, kama wifi yangu alivyotamka mbele ya foleni nzima, kwamba shule iliniingia kichwani ikafukuza utu. Maji yaliyotoka kwenye vitanda vyangu vya matete na kuingia mtoni yalikuwa safi kweli, na kazi ile niliipenda.

Kiwanda chetu kinapaka vyuma. Mabomba ya bafuni, vitasa vya milango, vishikio vya makabati, vyote vinaingia vimefifia na kutoka vinang'aa hadi unaweza kujitazama ukapaka wanja. Lakini kila kitasa kikishachovywa lazima kioshwe, na maji ya kuoshea hutoka na rangi ya kijani isiyopendeza, yamebeba nikeli, zinki na kadimiamu. Hayo ni madini ambayo yakishaingia mwilini hukaa humo kama mpangaji sugu, kodi halipi na kuhama hahami. Zamani maji hayo yalimwagwa moja kwa moja mtoni. Watu wakapiga kelele, kelele zikafika kwa wakubwa, nikaajiriwa mimi, fundi wa maji, nijenge vitanda vya kuyasafisha.

Kitanda cha namna hiyo si kitu cha ajabu. Unachimba shimo pana, unalitandika turubai zito ili maji yasipenye chini, unamwaga kokoto, juu yake udongo uliochanganywa na mchanga, halafu unapanda matete. Maji machafu hukaa kwanza kwenye tangi la kutulia, uzito ushuke chini, kisha yanapita polepole ndani ya udongo bila hata kuonekana. Udongo unashika fungu lake, mizizi inashika lake, na majani yanavuta mengine hadi juu. Upande wa pili yanatoka maji ambayo samaki anaweza kuishi humo.

Watu wengi wakisikia hadithi hiyo wanafurahi na kuishia hapo. Hawaulizi ule uchafu umekwenda wapi. Haujaenda popote. Ulikuwa kwenye maji, sasa uko kwenye udongo na majani, basi. Majani yakikatwa yanapakiwa kwenye lori na kupelekwa kwenye shimo la zege la taka za sumu, yanafunikwa, na kila mtu anarudi kwake. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tuna mwiko mmoja tunaofundishwa kabla hatujashika koleo: usipande kinacholiwa. Kisiliwe na mtu, kisiliwe na mbuzi. Tete lililokomaa hata mbuzi mwenye njaa hulipita akaenda kutafuna sanduku la karatasi.

Akaja Meneja mpya. Watu wa mtaani walimpa jina la Bwana Bustani mwezi ule ule alioingia, kwa sababu jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupaka chokaa mawe ya njiani na kupanda maua mbele ya ofisi. Alipofika kwenye vitanda vyangu akakunja uso. Matete yalikuwa yamekauka ncha, mengine yamelala.

"Hapa panafanana na uwanja uliohamwa," akasema. "Wageni wakija tutawaonyesha hivi?"

"Yanafanya kazi, Meneja."

"Sijasema hayafanyi kazi. Nimesema hayapendezi."

Kwenye kikao akatoa uamuzi kwamba matete yang'olewe, yapandwe majani ya tembo. Yanakua haraka, marefu, mabichi mwaka mzima, upepo ukipita yanacheza. Nikasimama nikasema hicho ni chakula cha ng'ombe, kila mfugaji anakijua. Akanitazama kwa tabasamu lake la kutulizia watoto.

"Kwani, Fundi, humu kiwandani tuna ng'ombe?"

Wakacheka wote. Nilikataa kwa mdomo, nikakataa kwa maandishi. Nilipokwenda likizo wakaleta vibarua, na niliporudi nikayakuta yamesimama safu kwa safu, ya kijani, ya kupigia picha. Yalipokomaa nikayapima, nikaweka vipimo mezani kwa Meneja.

Sasa nimseme wifi yangu, maana bila yeye haya yote yangebaki manung'uniko yangu ya ofisini. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na nyumba yake imepakana na yetu kwa ua wenye pengo ambalo hakuna aliyewahi kuliziba, kwa kuwa ndimo umbea unamopita. Ana ng'ombe mmoja anayeitwa Bibi Harusi, kwa sababu hutembea polepole na kichwa kakiinamisha, na mtu lazima atembee mbele yake kumfungulia njia. Wahenga wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Bibi Harusi amezaa mara mbili, mara zote jike, na wifi hakuacha kuwakumbusha watu kwamba wahenga hawakuwahi kufika kwake. Maziwa ya ng'ombe huyo yalisomesha watoto wake. Mtaa mzima ulinunua kwake, na kila asubuhi alipeleka ndoo moja ndogo kiwandani, ya chai ya ofisi.

"Wewe wifi yangu una diploma ya kuchunga matope," alikuwa akinitania. "Mimi nachunga ng'ombe bila cheti. Tuone nani atanenepa."

Ukame ulipoingia hakuna aliyenenepa. Mvua ilikosa msimu mmoja, ikakosa wa pili. Kingo za barabara zilibaki vumbi. Watu walikuwa wanawapa ng'ombe maganda ya ndizi, maboksi yaliyolowekwa, chochote kinachotafunika. Mbavu za Bibi Harusi zikaanza kuonekana moja moja, maziwa yakapungua, na wifi akaacha kutania. Ukimwona wifi yangu hatanii, ujue hali ni mbaya.

Katikati ya ukame huo, mahali pamoja tu palikuwa na majani mabichi, nayo yalikuwa yangu, yananyweshwa maji ya kiwanda kutwa kucha.

Siku ya kuvuna nilifika kazini nikatazamia lori la kwenda shimoni. Halikuwapo. Nikayakuta majani yamefungwa mafungu mafungu na kupangwa nje ya geti, juu yake bango la kitambaa: KIWANDA KINAWAJALI MAJIRANI. Gari la kipaza sauti lilikuwa limeshapita mitaani tangu alfajiri. Foleni ya mikokoteni, baiskeli na watu wenye kamba mabegani ilikuwa imezunguka kona. Bwana Bustani alisimama pale na shati jeupe, akikabidhi mafungu kwa mikono miwili, mpiga picha kando yake. Na wa kwanza kabisa kwenye foleni, akipiga vigelegele, alikuwa wifi yangu.

Nilikimbia. Sikusubiri hata kuvaa buti za kazi.

"Wifi, tafadhali. Bibi Harusi asiyale haya."

"Kwa nini?"

"Yana sumu. Ndiyo yanayovuta uchafu wa kiwanda."

Akanitazama, akalitazama fungu mikononi mwake, zito, bichi, limejaa unyevu. "Mbona yamestawi hivi? Kitu chenye sumu kinastawi?"

"Yanastawi, ndiyo. Yenyewe hayadhuriki. Anayeyala ndiye anayedhurika, na anayekunywa maziwa yake."

Mzee mmoja mwenye mkokoteni akaingilia. "Binti, si nyinyi mliweka kibao kule mtoni kwamba maji yenu ni safi?"

"Ndiyo, maji ni safi."

"Basi majani yaliyokunywa maji safi yana kosa gani?"

"Yalikunywa machafu, mzee wangu. Ndipo maji yakawa safi."

Walicheka, na siwalaumu. Ukilisikia neno hilo asubuhi, una njaa, na mnyama wako amelala chini hawezi kusimama, linafanana na maneno ya mtu aliyetumwa kukunyima. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kiwanda kimetufaa. Wewe umetufaa nini?" Wifi yangu, aliyenitetea mbele ya ndugu zake wote siku ninaolewa, ndipo akasema lile la shule na utu. Kisha akajitwika fungu lake akaenda zake.

Mume wangu nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, akaamini kila neno. "Lakini kati ya mke na dada mimi siingii," akasema. "Nitatoka sina meno." Nyumbani kwetu tukaanza kunywa chai ya rangi, na pengo la uani likawa kimya kana kwamba limezibwa.

Wiki kadhaa zilipita ndipo nikapata nafasi ya kumwona Meneja; nilikwenda ofisini kwake nikidhani, na hapa nakiri nilikuwa mjinga wa mwisho, kwamba hajui. Nilidhani nikimweleza vizuri atashika kichwa. Nikaanza na udongo, nikaenda kwenye mizizi, nikafika kwenye majani. Akaninyoshea mkono ninyamaze.

"Fundi, hayo nayajua. Vipimo vya majani ulivyonipa nilivisoma."

"Ulivisoma?"

"Mimi ni mkemia. Ulidhani nimeokotwa?" Hakukasirika hata kidogo. "Lori la shimoni linatugharimu. Majirani wana shida ya majani, sisi tuna shida ya kuyatupa. Tumesaidiana. Sheria inapima maji yanayotoka kwenye bomba letu, na maji yetu yanafaulu, shukrani kwako. Nionyeshe sheria inayopima majani."

"Watu watakunywa hayo maziwa."

"Umeona ng'ombe aliyekufa? Hata mmoja?"

"Haiui leo! Inajikusanya polepole, kwenye figo, kwenye—"

"Basi," akasema, kama mtu aliyeshinda hoja.

Mhudumu wa chai aliingia wakati huo na sinia. Sote humwita Mama Chai, hata wanaomzidi umri. Akaweka kikombe mbele ya Meneja, akaweka sukari, akaweka na kopo la maziwa ya unga. Meneja akafungua kopo, akachota, akakoroga taratibu huku akinitazama, akaniuliza kama nina jambo jingine. Nilikuwa natazama kile kijiko.

Nikamfuata Mama Chai jikoni, chumba chembamba chenye sinki moja na birika lenye masizi. Rafuni kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yamepangwa mpaka juu.

"Haya yameanza lini?"

"Haya? Tangu wiki ile ya kugawa majani," akasema. "Yaliletwa mwanzoni mwa wiki, siku mbili hivi kabla ya watu kuitwa getini. Nikaambiwa maziwa ya majirani yasiingie tena jengo hili, hata wageni wasipewe. Nikajua wifi yako ameanza kuyatia maji." Akapunguza sauti. "Au ni wewe ulimchongea? Mtaani ndivyo wanavyosema."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirishwa na mafundi, na wakwe, na watoto wangu. Hii ilikuwa nyingine. Mtu anayekosea humhurumii, lakini angalau unajua akionyeshwa ataona. Hawa walikuwa wamekwisha kuona. Walikaa kwenye viti, wakapanga, na kabla ya kupiga picha ya kugawa zawadi wakakumbuka kwanza vikombe vyao. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikamwomba Mama Chai kopo moja tupu, akanipa bila kuuliza.

Jioni nikapita kwenye pengo la ua. Wifi alikuwa anakamua, kichwa kakiegemeza kwenye ubavu wa Bibi Harusi, ambao sasa ulikuwa umejaa tena, unang'aa. Hakugeuka.

"Kama umekuja kuniambia habari za sumu, rudi. Mdomo wako umeshaninyang'anya kiwanda. Miaka yote nawapelekea maziwa, leo hawayataki."

"Si mdomo wangu, wifi." Nikaliweka kopo karibu na ndoo. "Wanakunywa haya."

"Wanywe. Fedha zao."

"Muulize Mama Chai yaliletwa lini. Yaliletwa kabla ya majani kutoka getini. Waliyakataa maziwa yako kabla Bibi Harusi hajaonja hata jani moja la kwao."

Mikono yake iliendelea kidogo, kisha ikasimama. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

"Kabla?"

"Kabla."

Wifi yangu hakusoma sana, lakini hajawahi kuwa mjinga, na maneno yangu yote ya kadimiamu hayakumwingia kwa sababu ni maneno ya mtu wa mbali na jiko. Kopo alilielewa. Kila mwanamke anajua maana ya mtu kukupikia chungu kizima halafu yeye mwenyewe asinawe mikono.

"Kwa hiyo walijua," akasema.

"Walijua."

"Yule kijana alinipa fungu kwa mikono miwili. Nikampigia vigelegele." Alisema hivyo mara mbili. Kisha akaanza kutaja: watoto wa fundi cherehani, mapacha wa nyumba ya kona, mke wa mlinzi anayenyonyesha, mjukuu wake mwenyewe aliyeachishwa ziwa mwezi uliopita akaanzishiwa maziwa ya Bibi Harusi kwa sababu ndiyo mepesi tumboni. Alitaja mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilisimama pale, na sikuona ushindi wowote katika kuaminiwa. Alipomaliza akafunika uso kwa upande wa khanga, akalia bila kujificha, na mimi nikalia pamoja naye.

Baadaye akajifuta, akainuka, akachukua ile ndoo. Nikadhani atamwaga mtaroni.

"Usimwage hapo," nikasema. "Mtaro unashuka kisimani."

"Nani amekwambia namwaga hapa? Mali hii ina mwenyewe." Akavaa ndara, akatoka kwenda nyumba hadi nyumba.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa pale pale getini, imezunguka ile ile kona, ila safari hii hakuna aliyekuja na kamba. Walibeba ndoo, madumu, chupa za chai, masufuria yenye vifuniko. Yule mzee wa mkokoteni alikuwapo na makopo mawili makubwa. Hakunitazama usoni, akaniamkia tu kwa sauti ya chini, na kwa mtu wa umri wake kuniamkia mimi kwanza hiyo ilikuwa samahani tosha. Mlinzi alikuwa na amri ya kutofungua. Alimtazama mkewe kwenye foleni na mtoto mgongoni, akafungua mageti yote mawili.

Nikawaongoza mpaka kwenye tangi la kutulia, ambako maji ya kuoshea vyuma huingia, nikainua mfuniko. Kwa ufundi, maziwa kwenye tangi lile ni balaa. Yataganda, yatanuka, yataziba kokoto, na kazi ya kuzizibua ni yangu. Lakini mimi niliajiriwa kupokea taka za kiwanda, na zile zilikuwa taka za kiwanda, zimepitia kwa ng'ombe tu.

Wakaanza kumwaga. Ilisikika sauti ya maziwa tu, na maji ya kijani yakaanza kugeuka meupe kwenye kingo, na wafanyakazi wakatoka kwenye karakana na aproni zao wakasimama kutazama. Bwana Bustani alikuja mbio, akiruka mawe yake ya chokaa.

"Fundi! Funga hilo tangi!"

"Napokea taka, Meneja."

Akawageukia wanawake, akabadili sauti, akaifanya ya huzuni. "Akina mama, hata Mungu hamumwogopi? Mnamwaga maziwa wakati wa ukame kama huu? Watu wana njaa!"

Wifi yangu alikuwa ndiye anayefuata. Akasimama na ndoo yake, akamtazama kijana yule kutoka viatu mpaka kola.

"Watu gani, mwanangu? Tuonyeshe waliko, tuwapelekee."

Waliokuwa na njaa walikuwa wamesimama mbele yake, kila mmoja na ndoo yake mkononi, na wengine nyuma yao mpaka getini. Mama Chai alikuwa dirishani jikoni, na sinia. Meneja akatazama huku na huku akimtafuta mpiga picha, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu, kisha akarudi ofisini kwake akifuata njia ile ile.

Wifi akainamisha ndoo. Yalikuwa maziwa mazuri, mazito, ya ng'ombe aliyeshiba. Aliyamwaga taratibu mpaka tone la mwisho, akaigonga ndoo kwenye ukingo wa zege kama anavyoigonga siku zote akimaliza, halafu akasimama kando mpaka foleni ikaisha, akitazama vitanda, yale majani marefu yanayocheza na upepo.

"Kwa hiyo maji yakipita hapa yanatoka safi," akasema.

"Yanatoka safi, wifi."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

Akatikisa kichwa polepole. Mjukuu wake alikuwa ameshikilia khanga yake kwa nyuma, anachungulia tangi.

"Na hawa waliokwisha kunywa," akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza fundi jambo la kazi yake, "hawa nao utawapitisha wapi?"

Nikashusha mfuniko wa tangi. Sikuwa na pa kuwapitisha.